Kupima joto ndani ya injini ndogo ya Stirling: kwa wanaoanza

Injini ya Stirling huendeshwa na hewa iliyofungiwa ndani, inayopashwa upande mmoja na kupozwa upande wa pili. Gurudumu lake likishazunguka lenyewe kwa mara ya kwanza, swali linalofuata huwa ni hilohilo: mle ndani kuna joto kiasi gani? Wengi hutoboa tundu, wakapenyeza waya, wakasoma namba na kuiingiza kwenye hesabu ya ufanisi, kisha wanabaki kushangaa mbona injini haikubaliani na karatasi. Kabla hujatoboa chochote, amua unataka joto la nini. La bati? La hewa iliyo upande wa moto? La hewa yote kwa wastani, au la hewa pale inapobanwa? Waya mmoja haukupi yote hayo.

Ushauri wangu ni kuanza na ukuta. Funga themokapo moja (nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, zinazotoa volti ndogo kulingana na joto) nje ya kichwa cha moto, nyingine upande wa baridi, uiache injini izunguke mpaka namba zitulie. Uwe na subira: upande wa baridi huendelea kupanda polepole muda mrefu baada ya ule wa moto kutulia. Andika namba zote mbili, kisha shika gurudumu lisimame, moto uuache vilevile. Utaona upande wa moto unapanda na wa baridi unaanza kushuka. Hewa ndiyo iliyokuwa ikibeba joto kutoka huku kwenda kule, na sasa umeizuia. Hapo hujatoboa kitu bado, na tayari unajua mengi.

Vipimajoto vya infraredi usivitegemee kwenye chuma kinachong'aa. Alumini iliyosuguliwa hutoa mionzi kidogo mno, kwa hiyo kifaa kinasoma zaidi mwakisiko wa vitu vya jirani. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, inayostahimili moto, ndipo upime hapo. Kwenye kichwa cha glasi utapata joto la glasi yenyewe, si la hewa iliyo nyuma yake.

Sasa hewa. Themokapo ya aina K inatosha: inavumilia moto na hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila digrii. Kinachoamua kila kitu ni unene wa waya. Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 0.1, na ndani ya muda huo hewa imepashwa, imetanuka, imepozwa na kubanwa tena. Waya wa nusu milimita unahitaji sekunde kadhaa kulifikia joto la hewa inayouzunguka. Moduli, yaani kibao cha elektroniki kinachosoma themokapo, nayo ina mwendo wake: MAX6675, ambayo wanaoanza wengi huinunua, huchukua takriban sekunde 0.2 kwa kipimo kimoja, yaani mizunguko miwili imeshapita. Unachosoma ni wastani. Si namba mbaya, ila daftarini iandike kwa jina lake: wastani.

Ukitaka kuona joto likipanda na kushuka ndani ya mzunguko mmoja, utahitaji waya mwembamba kama wa milimita 0.025, amplifaya ya kukuza volti na osiloskopu ya kuzichora kadiri zinavyobadilika. Waya huo hukatika kwa kutazamwa tu, na hata ukidumu, bado huchelewa kidogo na kupunguza ukubwa wa mawimbi. Mimi napendelea kupitia shinikizo. Sensa ya shinikizo hujibu haraka kuliko themokapo yoyote, na kwa kuwa ujazo unaujua kwa kila pembe ya ekseli, kanuni ya gesi, inayounganisha shinikizo, ujazo, kiasi cha hewa na joto, inakupa wastani wa joto la hewa yote kwa kila nukta ya mzunguko. Kuna mtego mmoja: kanuni hiyo inataka ujue kiasi cha hewa kilichomo. Pistoni za injini hizi huvuja kidogo, na injini ikipata moto, sehemu ya hewa hutoka mpaka shinikizo la wastani likaribie lile la nje. Ukitumia kiasi ulichokokotoa injini ikiwa baridi, joto lako litatoka chini ya lilivyo kweli. Amini umbo la mchoro zaidi ya kimo chake.

Kupitisha waya ndiko kunakoharibu injini nyingi. Displesa, ile inayohamisha hewa huku na kule, hupita karibu sana na ukuta, kwa hiyo zungusha gurudumu kwa mkono taratibu na usikilize kama kuna mkwaruzo. Gundi ya epoksi ya kawaida itumie upande wa baridi tu; kwenye moto hulegea, hewa ikavuja. Ncha isiguse bati, na kipande kirefu kiasi cha waya kilale ndani ya hewa kabla ya kutoka, la sivyo ukuta utaivuta ncha kuelekea joto lake. Ukimaliza, washa moto uleule na upime kasi. Ikiwa imeshuka kuliko kabla ya kutoboa, unapima injini nyingine, si ile uliyoanza nayo.

Moduli ikae mbali na moto, na ukirefusha waya urefushe kwa waya wa aina ileile. Shaba katikati huleta kosa. Hakiki themokapo zote kwa barafu inayoyeyuka, digrii 0 za Selsiasi, na maji yanayochemka: 100 usawa wa bahari, lakini karibu 95 kwenye mwinuko wa mita 1500.

Kwa nini usumbufu wote huu? Chukua mfano. Kuta zikiwa digrii 90 na 30, yaani Kelvini 363 na 303, ukomo wa Carnot, yaani ufanisi wa juu kabisa unaowezekana kati ya joto hizo mbili, ni takriban asilimia 16.5. Hewa yenyewe ikiwa 70 na 42, ukomo unashuka hadi kama 8. Nusu ya matumaini imepotea kati ya bati na hewa, na hapo ndipo pa kufanyia kazi: eneo la bati linalogusa hewa, rejenereta (sehemu inayotunza joto la hewa ikipita na kulirudisha inaporejea), kasi. Pengo kati ya bati na hewa likitoka dogo ajabu, digrii mbili tatu tu, usishangilie bado. Fungua kwanza uangalie kama ncha haijalalia ukuta.