Ukitunga DOS ya Z80 Kigoma, anza na umeme kukatika

Wengi wanaotunga DOS (mfumo unaoendesha diski na faili) kwa kompyuta ya zamani yenye prosesa ya Z80 huanza na amri: kuorodhesha faili, kufuta, kunakili. Hizo ni kazi nyepesi, ziache mwisho. Kwa Kigoma, ambako umeme huondoka bila kuaga, jiulize kwanza: ukikatika flopi ikiwa inaandikwa, nini kitasalimika?

Chukua flopi ya inchi 3.5 ya KB 720: traki 80, pande 2, sekta 9 kwa traki, baiti 512 kwa sekta. Silinda ni traki zenye namba moja kwenye pande zote mbili. Silinda 0 itunze mfumo wenyewe, silinda 1 itunze nakala ya saraka, yaani orodha ya faili na bloku zake. Zinabaki silinda 78, yaani sekta 1404. Kwa bloku (mafungu ya sekta) za KB 2 unapata bloku 351 kamili. Saraka ya maingizo 128, baiti 32 kila moja, inakula bloku 2 za mwanzo. Ndani ya ingizo, namba ya bloku lazima ichukue baiti 2. Ukibana na kuweka baiti 1, bloku 256 itasomeka kama 0, na bloku 0 ndiyo saraka: kila kitu kitakwenda vizuri mpaka diski ianze kujaa.

Ramani ya bloku zilizo wazi usiiandike diskini kabisa. CP/M, mfumo wa zamani wa diski uliotungwa na Gary Kildall, huijenga upya kwenye RAM kwa kusoma saraka, na kwa diski hii baiti 44 zinatosha. Ramani ya diskini ikipishana na saraka, faili mbili zitagombania bloku moja.

Mpangilio wa kuandika ndio roho ya kazi: data kwanza, kisha nakala ya saraka, kisha saraka halisi. Sekta iliyokatiwa umeme katikati hubaki na CRC (namba ya kuhakiki data) mbovu, na sekta moja ya saraka imebeba maingizo 16. Kompyuta ikiwaka, soma saraka halisi. Sekta ikigoma, ichukue kwenye nakala. Ikiwa nzima, itumie kusahihisha nakala.

Kwa WD1793, chipu inayoongoza draivu ya flopi (kontrola), baiti hufika kila mikrosekunde 32. Z80 ya MHz 4 ina mizunguko 128 tu ya kuipokea, kwa hiyo tanguliza DI, amri ya Z80 ya kuzuia vifaa vingine visiikatize, kabla ya kusoma au kuandika sekta. Kibodi ikiingilia, biti ya 2 ya rejista ya hali ya kontrola huwaka: data imepotea. Watu huishia kutupa flopi nzima kabisa kwa kosa hili.

Volti zikishuka polepole, prosesa huropoka kabla ya kuzima. Weka TL7705, chipu inayovuta reseti umeme ukifika volti 4.55 hivi, na waya huohuo uufikishe kwenye pini ya reseti (MR) ya kontrola. UPS inasaidia, ila betri yake ikichoka utajua siku ya shida.

Unyevu wa ziwani nao una lake. Sogeza kifuniko cha flopi, zungusha diski taratibu kwa kidole ukishika kitovu cha chuma. Ukiona madoa meupeupe ni ukungu, usiiingize. Utauhamishia kwenye kichwa cha draivu, kisha kwenye kila flopi itakayofuata.

Jaribio: flopi isiyo na thamani, programu inayoandika na kufuta faili mfululizo, halafu chomoa plagi ukutani. Rudia mara nyingi, hasa taa ya draivu ikiwa inawaka.