Programu ya mazoezi kwenye simu kwa mzazi wa miaka 72: hatua ziache kwanza, anza na kiti

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama programu ya kuhesabu hatua itamfaa bi mkubwa wako wa Mbagala, ambaye siku hizi hainuki kwenye kochi bila kujishikiza. Itamfaa kidogo sana. Asiyeweza kuinuka mara nyingi amepungukiwa nguvu za mapaja na makalio, na kutembea tu hakuzirudishi. Halafu simu huwapunja wazee wanaotembea polepole kwa kuburuta miguu, maana inahesabu mtikisiko na wao hawatikisiki vya kutosha.

Tafuta programu yenye mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya aina hiyo angalau siku 3 kwa wiki.

Kabla ya kuchagua kiwango, mpime. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani. Cha plastiki kwenye marumaru kinateleza, na ndala avue. Akunje mikono kifuani, uweke saa ya simu sekunde 30, uhesabu mara anazosimama wima kabisa. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10 yuko chini ya wastani wa rika lake. Mwanaume ni chini ya 12. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, andika 0, na aanze kwenye kiti kirefu zaidi chenye mikono.

Zoezi lenyewe ni kuinuka na kukaa kitini: mara 8, apumzike dakika moja au mbili, kisha 8 tena, kwa kuruka siku. Hapa ndipo video nyingi zinapoharibu: mkufunzi anakwenda mbio, mzee naye anajibwaga kitini. Zima video, mhesabie mwenyewe: kushuka moja, mbili, tatu. Kule kushuka taratibu kunajenga paja kuliko watu wanavyodhani. Akizimudu bila mikono, usimwongezee idadi tu. Mpe chupa ya maji ya lita moja aikumbatie kifuani, hiyo ni kilo nzima.

Simu isikae mkononi. Iegemeze kwenye kitu kwa usawa wa macho, kwa sababu anayesimama mguu mmoja huku ameinamia kioo ataanguka. Mazoezi ya mizani afanyie kando ya meza nzito, na mtu awe karibu. Kuza maandishi, pakua video penye Wi-Fi zisile bando, na kwenye mipangilio ya betri iruhusu programu ifanye kazi bila vizuizi, la sivyo kikumbusho hakilii.

Kwa joto la Dar, afanye kabla ya saa 2 asubuhi. Anayemeza dawa za presha akae ukingoni mwa kitanda kwanza ndipo ainuke; anayechoma insulini asifanye bila kula. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, aache na apelekwe hospitali. Kama ameanguka ndani ya mwaka huu, aanzie kwa mtaalamu wa fiziotherapia, maana simu haioni goti linaloingia ndani.

Rudia kipimo cha kiti kila baada ya wiki 4, uandike namba kwenye kalenda ya ukutani. Wiki 8 zikipita namba haijapanda, mpeleke akaangaliwe magoti, nyonga na dawa anazotumia.