Kabla ya Kufunga Kabureta ya Pili

Plymouth yangu, gari la mwaka 1950, niliyoinunua hapa Marekani ikiwa bado na injini yake ya silinda sita, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 97 tu, na mimi, kwa uchu wa mwendo, nikaanza kwa kuifungia kabureta mbili, yaani vyombo vya kuchanganya hewa na petroli. Nilianzia mwisho.

Katika injini za aina hii valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, zimo ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, ubavuni mwa silinda, na hedi ni kifuniko bapa tu. Moshi wa moto hupita ndani ya bloku kabla ya kufika kwenye eksozi, kwa hiyo joto ndilo adui wa kwanza. Nyuma ya pampu ya maji umelazwa mrija wa bati wenye matundu, unaopeleka maji hadi kwenye valvu za nyuma. Wangu niliuvuta kwa ndoana baada ya valvu ya silinda ya sita kuungua mlimani, ukatoka vipandevipande kama maganda ya kutu. Badilisha mrija huo kwanza, hata kama rejeta yako ni mpya.

Hedi nayo isikwanguliwe kwa pupa ili kuongeza mgandamizo. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupanda kutoka kwenye valvu, ukapinda na kuingia katika silinda kupitia upenyo mdogo. Ukikwangua mno, unachokipata kwa mgandamizo unakipoteza kwa pumzi, yaani hewa inayoweza kupita. Mimi niliondoa milimita 1.5, kisha nikaweka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya valvu na pistoni, nikafunga hedi kwa gasketi kuukuu, nikaizungusha injini kwa mkono na kuupima udongo uliobanwa. Ulikuwa mwembamba kiasi cha kunifanya nisirudi tena kwa fundi wa kukwangua.

Eksozi ndiyo iliyonipa faida kubwa kuliko nilivyotazamia. Silinda hizi huwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, hivyo ukizitenganisha tatu za mbele na tatu za nyuma, kila bomba hupokea moshi kwa zamu zilizolingana. (Sauti yake, nakiri, ni nusu ya sababu.)

Hapo ndipo kabureta mbili zina maana, kama kampuni ya Hudson walivyofanya kwa gari lao la Hornet, lililotamba mwaka 1952 katika NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani. Usiondoe njia ya joto la eksozi chini ya kabureta, kwani wakati wa baridi petroli haitageuka mvuke vizuri. Kuzilinganisha, mimi hushika kipande cha bomba la mpira, ncha moja kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni, nikigeuza skrubu hadi mvumo wa zote mbili uwe mmoja.