Jibu: Wanafunzi wa lishe wanaojua vitamini lakini hawajui kuzungumza na mama

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako hufaulu mtihani wa vitamini na madini, lakini hushikwa na kigugumizi wanapokabidhiwa kundi la akina mama kliniki. Kwa maoni yangu, tumewafundisha lishe, hatujawafundisha kufundisha.

Mimi huanzia jikoni. Kila mwanafunzi huandaa kitobero, yaani mchanganyiko wa chakula cha mtoto ambao kituo cha lishe cha Mwanamugimu, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, Uganda, kimeuhimiza kwa miaka mingi: matoke, maharagwe au dagaa wa mukene waliosagwa, pamoja na dodo (aina ya mchicha), vyote vikipikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Anapomenya maharagwe yaliyorowekwa, ganda moja baada ya jingine, ndipo anapotambua ni muda kiasi gani anaomwomba mama mwenye shamba na watoto wanne, na ushauri wake hubadilika wenyewe. (Darasa huchafuka, lakini hakuna aliyewahi kusinzia.)

Baadaye huigiza wawili wawili, na ni marufuku kushauri kabla ya kuuliza mtoto alikula nini jana tangu asubuhi hadi usiku. Utepe wa kupimia mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono hufuata: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na mwanafunzi hana budi kulieleza hilo kwa lugha ya mama mwenyewe, bila kumtisha wala kumlaumu. Hapo ndipo ninapotoa alama nyingi zaidi.