Masomo ya Misa ya siku yasipooana, nitafakari vipi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nasoma masomo ya Misa ya siku. Natafuta fundisho moja la kuunganisha somo la kwanza na Injili, na mara nyingi silipati. Je, ni upungufu wa imani? Na nikikosa siku mbili tatu, nifidie?

JIBU: Milele na milele, amina. Imani yako haina kasoro hapo, dada yangu. Unatafuta kitu ambacho waliopanga masomo hawakukiweka.

Dominika za kipindi cha kawaida (majuma yaliyo nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka), somo la kwanza huchaguliwa makusudi lioane na Injili. Siku za juma sivyo. Injili hufuata njia yake: Marko kuanzia juma la 1 hadi la 9, Mathayo hadi la 21, kisha Luka hadi la 34, na mwaka unaofuata tunaanza upya. Somo la kwanza lina njia nyingine, tena kwa zamu ya miaka miwili, Mwaka I na Mwaka II. Ndiyo maana Jumatatu ya juma la 5, Mwaka I, tunasoma Mungu akiumba mbingu na nchi, na katika Injili wagonjwa wa Genesareti wanaomba waguse tu pindo la vazi la Yesu. Unaweza kuviunganisha, na wahubiri tunafanya hivyo (wakati mwingine kwa nguvu mno), lakini hulazimiki.

Chagua somo moja, la kwanza au Injili, ulifuate juma zima. Ukichukua la kwanza, sali kwa Wimbo wa Katikati (zaburi inayolifuata), maana umewekwa kuliitikia somo hilo. Ukichukua Injili, kumbuka jana iliishia wapi. Kwaresima ni tofauti: huko masomo mawili yamepangwa yaitane, kwa hiyo tafuta uhusiano bila wasiwasi. Kipindi cha Pasaka tunarudi kwenye njia mbili, Matendo ya Mitume na, kwa sehemu kubwa, Yohana.

Ninaloliogopa zaidi ni jingine. Papa Fransisko, katika waraka wake Evangelii Gaudium (Furaha ya Injili) wa mwaka 2013, namba 153, anaonya juu ya kishawishi cha kufikiria Neno linawaambia nini wengine ili sisi tukwepe. Ukisoma habari za Mafarisayo na sura ya kwanza kukujia ikawa ya mwenyekiti wa jumuiya yenu, rudia kusoma.

Kuhusu siku ulizokosa: hakuna sheria inayomfunga mlei kusoma masomo ya kila siku, basi hakuna deni. Ila kama unafuata kitabu kimoja cha Biblia, fungua Biblia yenyewe usome ulichoruka. Utakuta hata yale ambayo Misa haiyasomi: katika juma la 6, Mwaka I, Jumatatu tuko na Kaini na Abeli, Jumanne tumeshafika kwenye gharika, na sura ya 5 ya Mwanzo yote imepitwa.