Ukurasa Mweupe: Niliyojifunza kwa Kuhudumia Vivinjari vya Zamani

Simu iliita nikiwa katikati ya kazi nyingine. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, anajaribu kujiandikisha kwenye mafunzo kupitia fomu niliyoitengeneza mimi. "Mwanangu, nikifungua naona kweupe tu. Nimerudia mpaka chaji inakwisha." Nikamwambia afunge afungue tena. Nikamwambia afute data za kivinjari. Mwisho nikamwambia apakue Chrome. Alifuata kila nilichomwelekeza bila kulalamika, na kweupe kukabaki kweupe.

Simu yenyewe ilikuwa iPhone 6, aliyoachiwa na mwanawe. Ilitoka mwaka 2014, na mfumo wake endeshi uliishia iOS 12. Hauendi mbele ya hapo. Ushauri wangu wa Chrome haukuwa na maana yoyote, kwa sababu kwenye simu hizo vivinjari vyote vilitakiwa kutumia injini ya WebKit (sehemu inayosoma ukurasa na kuuchora) inayokuja na mfumo wenyewe. Ukibadilisha kivinjari umebadilisha sura ya nje. Injini ni ileile. Nilimmalizia mama wa watu muda na data kwa jambo nililopaswa kulijua, na hilo bado linaniuma.

Kosa lilikuwa alama mbili tu: alama ya kuulizia ikifuatwa na nukta. Ni namna mpya ya kuandika katika JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, iliyoingia kwenye Chrome 80 mwezi Februari 2020 na kwenye Safari 13.1, kivinjari cha Apple, mwezi uliofuata. iOS 12 haiijui. Wala si mimi niliyeiandika. Ilikuwa ndani ya maktaba ya kalenda, yaani msimbo uliokwishaandikwa na wengine, niliyoichukua ili watu wachague tarehe kwa kubonyeza. Msimbo wangu mwenyewe niliupitisha kwenye programu ya Babel ili ugeuzwe uwe wa kizamani. Maktaba za wengine niliziruka, kama tunavyofanya wengi, ili kazi ikamilike haraka. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usikague ulichoandika wewe, kagua kinachomfikia mtumiaji. Lifungue faili la mwisho kabisa, lile linalotoka kwenye seva (kompyuta inayotuma tovuti), utafute humo.

Lakini kwa nini alama mbili zifute ukurasa mzima? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipobadilika kama mtengenezaji wa tovuti. HTML, inayobeba maandishi na visanduku vya ukurasa, na CSS, inayoupa sura, zina subira. Kivinjari kikikutana na amri ya CSS kisichoielewa, kinaiacha hiyo moja na kuendelea na inayofuata. Kikikutana na kisanduku cha fomu cha aina kisichoijua, kinakichukulia kama kisanduku cha kawaida cha maandishi. Ukurasa utakuwa na sura mbaya, safu zitapangana moja chini ya nyingine badala ya kukaa sambamba, lakini mtu atasoma na atajaza. JavaScript haina subira hiyo. Kivinjari hulipitia faili lote kabla ya kutekeleza hata mstari mmoja, na kikikwama kwenye sarufi, faili zima linatupwa, pamoja na mistari mizuri iliyotangulia. Fomu yangu yote ilichorwa na JavaScript. Faili lilipotupwa, hakukubaki kitu cha kuonyesha.

Basi ukipanga kazi, usianze na orodha ya vivinjari utakavyovikubali. Anza kwa kujiuliza kila sehemu ya ukurasa itaharibika kwa namna gani. Kinachoharibika sura tu, kiache kiharibike; sipotezi tena siku mbili nikihangaika ili kona za mviringo zionekane sawa kila mahali. Kinachomzuia mtu kufanya alichokuja kufanya, hicho ndicho cha kupigania. Siku hizi fomu zangu zote huanza kama HTML tupu inayotumwa kwenye seva na kujibiwa na seva. Nikishahakikisha hiyo inafanya kazi yenyewe, ndipo naongeza JavaScript juu yake ili mambo yawe mepesi kwa wenye vivinjari vipya.

Nilipomweleza mwenye tovuti kwamba tunahitaji siku kadhaa za kurekebisha, alifungua ukurasa wa takwimu akanionyesha: watumiaji wa simu za aina ile karibu hawapo. Nilikaribia kukubaliana naye. Kisha nikakumbuka jinsi programu ya takwimu inavyohesabu watu. Nayo ni skripti, yaani msimbo wa JavaScript, na kwenye tovuti ile nilikuwa nimeiunganisha ndani ya faili lilelile lililokuwa likitupwa. Aliyekwama hakuhesabiwa. Tulikuwa tunawafungia watu mlango, kisha tunatumia kutokuwepo kwao kama sababu ya kuendelea kuufunga. Nikaenda kwenye kumbukumbu za seva yenyewe, zinazoandika kila ombi linalofika hata kama skripti haikufanya kazi, na huko nikawakuta: wameomba ukurasa mara tatu, mara nne, bila kutuma chochote. Ukiona hivyo kwenye kumbukumbu zako, usidhani ni mitambo inayozurura mtandaoni. Huenda ni watu wanaojaribu tena na tena.

Usitegemee pia jina ambalo kivinjari kinajitambulisha nalo. Majina hayo yana historia ndefu ya kuazimana: Chrome mpaka leo hujitaja kwa maneno Mozilla na Safari, na Internet Explorer 11, kivinjari cha Microsoft, ilipotoka mwaka 2013 iliondoa kabisa neno MSIE (kifupi cha jina lake) ambalo skripti nyingi zilikuwa zikilitafuta. Pima uwezo wenyewe. CSS ina @supports, amri inayouliza kama kivinjari kinaelewa jambo fulani, kwa kazi hiyo, na katika JavaScript unaweza kuuliza kama kitu kipo kabla ya kukitumia. Na tafadhali, lile tangazo la "kivinjari chako kimepitwa na wakati, kisasishe" lisizibe ukurasa. Mtu ambaye simu yake haipokei tena masasisho anasoma sentensi hiyo kama amri ya kununua simu nyingine.

Kuna mpaka mmoja ambao siuvuki, nao ni usalama wa mawasiliano. TLS 1.0 na 1.1, njia za zamani za kusimba mawasiliano kati ya kivinjari na seva, zilitangazwa rasmi kuwa zimepitwa na wakati mwezi Machi 2021. Nimeombwa mara kadhaa nizifungue ili kompyuta fulani za Windows XP ziingie, na nimekataa. Mfumo huo uliacha kupata viraka vya kawaida vya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Kumruhusu mtu aandike nywila yake humo si kumsaidia. Anayetumia mashine hiyo anastahili namba ya simu ya kupiga, au mtu wa kumjazia fomu.

Hata hivyo, si kila onyo la usalama linatokana na uzee wa mashine. Kabla ya yote tazama saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi, na kivinjari kinakataa vyeti vya tovuti (vitambulisho vya kidijitali vinavyoithibitisha) kwa kuona kwamba muda wake haujaanza. Nimetatua kesi nyingi kwa kurekebisha tarehe tu. Jambo la pili ni orodha ya vyeti vya mizizi, vile vya msingi ambavyo kifaa hutumia kuvithibitisha vingine. Tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha muda cheti cha zamani ambacho tovuti nyingi zenye vyeti vya Let's Encrypt (shirika linalotoa vyeti bure) zilikiegemea, na baadhi ya vifaa vya zamani vilivyokuwa vikifungua tovuti hizo jana yake vikazikataa. Kivinjari cha Firefox hubeba orodha yake yenyewe badala ya kutegemea ya mfumo, kwa hiyo kwenye kompyuta ya zamani ijaribu kabla ya kukata tamaa. Kwenye Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109, wakati Firefox 115 ilipelekewa viraka vya usalama kwa muda mrefu zaidi.

Ofisini mambo hugeuka: tovuti ndiyo ya zamani, nayo inadai Internet Explorer. Programu hiyo ilistaafishwa Juni 2022, lakini Edge, kivinjari kipya cha Microsoft, ina hali maalumu ya kufungua kurasa za namna hiyo. Iwashe kwa anwani hiyo moja tu, na uanze kutafuta fedha za kuujenga upya mfumo huo.

Kwa majaribio, kupunguza upana wa dirisha kwenye kompyuta mpya hakukuonyeshi lolote kuhusu simu ya zamani. Tafuta simu halisi. Ninayo moja mezani, kioo kimepasuka pembeni, na kila kazi hupita hapo kabla ya kukabidhiwa.

Yule mama nilimpigia baada ya siku mbili. Fomu ilifunguka, bila kalenda, ikiwa na kisanduku kimoja cha kuandikia tarehe ya kuzaliwa. Aliandika jina la mwezi kwa herufi, seva ikakataa. Tukiwa bado kwenye simu nikakivunja kisanduku kile kuwa vitatu: siku, mwezi, mwaka. Akajaza, akatuma, akanisomea ujumbe wa kupokelewa neno kwa neno. Kalenda ile sikuirudisha tena.