Kwa nini nilimpa mwanangu uji kabla ya miezi 6

Mtoa mada, umeuliza kwa nini akina mama wa huku Kusini mwa Tanzania tunakimbilia uji wakati kliniki wanasisitiza maziwa ya mama tu mpaka miezi 6, ukamalizia kwamba ni uzembe. Acha nikujibu mimi niliyefanya uzembe huo, hapa hapa Mtwara.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Septemba. Arobaini ilipoisha nikarudi kubangua korosho, kiwanda sikitaji. Pale unalipwa kwa kilo, na korosho iwe nzima. Ikivunjika bei yake ni matusi. Mkataba hakuna, jina lako liko kwenye daftari la msimamizi, basi. Asubuhi namwacha mtoto kwa mama mkwe, saa sita wifi yangu mdogo ananiletea getini. Hapo ndipo penye kazi. Aliyewahi kubangua anayajua mafuta ya maganda, yanababua ngozi na kuacha vidole vyeusi tii. Huwezi kushika titi kwa mikono ile. Basi najisugua kwa jivu na sabuni, na muda wote ninaosugua wenzangu wanajaza ndoo. Mtoto naye akiamua kunyonya huku anasinzia, kilo zangu zinaondoka.

Baada ya wiki chache msimamizi akakataza watoto kuletwa getini. Ikawa kifua kimelowa maziwa tangu saa nne asubuhi, na nyumbani mwenye maziwa yake analia njaa. Nikamue? Nikamulie wapi, chooni? Na joto la Novemba mnalijua, friji hatuna. Mama mkwe akapika uji mwepesi. Sikumlaumu.

Sasa sikiliza. Wifi yangu mkubwa ni mwalimu wa serikali, alizaa mwaka huohuo. Alipata likizo ya siku 84 na mshahara wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa pia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kunyonyesha. Akaunga na likizo yake ya mwaka, maana siku 84 ni wiki 12 na kliniki inataka miezi 6. Uji alianza kwa wakati. Bibi wa watoto ni yuleyule, kliniki ni ileile, nesi ni yuleyule. Mimi hata karatasi ya kuonyesha kwamba nimeajiriwa sikuwa nayo, hizo saa mbili ningemdai nani?

Elimu haijashindwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama pekee, kutoka 59 ya 2015/16. Waliobaki usidhani wote hawakusikia somo. Mwenye pesa akikwama ananunua maziwa ya kopo na hakuna anayemwita mzembe. Sisi tunakwama na uji.

Umeuliza manesi wafanye nini. Mimi nilihudhuria kliniki kila mwezi, nikapimiwa mtoto, nikafundishwa kumpakata vizuri. Hakuna aliyeniuliza narudi kazini lini, wala kazi yenyewe ni ipi.